Gari Kubwa Mlangoni: Ujira, Sitara au Mzigo?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutiishia vipando vya nchi kavu na vya baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyepanda farasi, ngamia, nyumbu na punda, na moyo wake usigeuzwe na kimojawapo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa hajatimiza miaka 7. Leo yeye ni baba wa watoto wanne, na wa tano yu njiani, Inshaallah. Biashara yake hapa Mombasa si mbaya. Alikaa mbele yangu kama alivyokuwa akikaa zamani chuoni, akasema: "Maalim, nataka kununua gari. Nimeona Prado moja limeteremka melini juzi. Watu waniambia ni israfu. Niambie wewe, ni haramu au si haramu?"

Nilimjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyezoea kuulizwa: "Mwanangu, hiyo ni israfu. Tafuta gari dogo, umche Mungu."

Akainamisha kichwa kwa adabu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Sawa, Maalim. Lakini mwezi wa Ramadhani ulipanda gari kama hilo ulipokwenda maziko upande wa Kwale. Uliporudi ulituambia: Mashaallah, lile gari halina mtikisiko."

Nilinyamaza. Maneno yalikuwa yangu kweli. Nimo katika miaka ya sitini, magoti yananiuma, na kiti kile laini kilinipendeza. Nikamwambia anipe wiki moja nirudi kwenye vitabu, na khasa nirudi kwenye nafsi yangu. Makala haya ndiyo jawabu yake, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

ASLI YA JAMBO

Tuanze na uadilifu, maana wako watu wanaoharamisha kwa hasira kile ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharamisha. Asli ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuvizuia. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ametuumbia farasi, nyumbu na punda ili tuwapande na wawe pambo kwetu. Kisha anatujulisha kwamba Yeye huumba tusivyovijua. Wanavyuoni wa zama zetu wameona magari na ndege kuwa yamo katika hivyo visivyojulikana zamani. Basi tazama, ndugu yangu: katika aya hiyo pambo limetajwa pamoja na haja.

Mtume (S.A.W.) naye amekihisabu kipando cha raha katika mambo yanayomfanya mtu kuwa na bahati njema duniani, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Na alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kwamba hilo silo kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Kwa hiyo neno langu la kwanza nalirudisha. Sikuwa na haki ya kusema "ni israfu" kabla sijauliza lolote. Bati, vioo na mipira havina dhambi wala thawabu. Hukumu huanza pale mtu anapotia ufunguo.

FARASI WATATU

Iko hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), ambayo naiona ndiyo funguo ya mas-ala haya. Mtume (S.A.W.) amewagawanya wenye farasi mafungu matatu. Kwa mmoja farasi ni ujira: huyo amemfunga kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu, basi kila hatua ya mnyama yule na kila jani alilalo huandikiwa mwenyewe thawabu. Kwa wa pili farasi ni sitara: amemfuga ili ajitosheleze na asiwaombe watu, na tena hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu katika shingo ya farasi na katika mgongo wake. Kwa wa tatu farasi ni mzigo wa dhambi: amemfunga kwa fahari, kwa kujionyesha, na kwa uadui juu ya Waislamu.

Tafadhali zingatia. Farasi ni yule yule. Haikutajwa bei yake wala rangi yake, wala haikusemwa kwamba aliye dhaifu ni mwema na aliyenona ni mbaya. Kilichotofautisha ni nia ya mwenyewe na haki aliyoitoa.

Kisha Mtume (S.A.W.) akaulizwa: na punda je? Akajibu kwamba juu ya punda hakuteremshiwa kitu makhsusi, ila ile aya ya mwisho wa Suratuz Zilzala ikusanyayo kila jambo: afanyaye kheri uzito wa chembe ataiona, na afanyaye shari uzito wa chembe ataiona. Juu ya Prado pia hakuna aya makhsusi. Tumeachiwa aya ile ile ya chembe.

HESABU YA HAJA

Alipokuja mara ya pili nilimuuliza yule kijana sababu zake. Akanihisabia. Ya kwanza, watoto wanakuwa wengi. Ya pili, njia ya shambani kwa wakwe zake huharibika masika yakiingia. Ya tatu, mama yake mzazi ana maradhi ya miguu. Ya nne, gari kubwa lina salama zaidi kwa watoto. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza ya tano akiangalia mkeka: "Na Maalim, mwanangu mkubwa waona haya. Juzi alikataa kushushwa na tuktuk mbele ya lango la skuli."

Nimesomesha kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba aghalabu neno la mwisho la mtu ndilo la kwanza moyoni mwake. Lakini tuzipime zote.

Wanavyuoni wa usuli wameyapanga mahitaji ya binadamu katika daraja tatu: dharura, haja, na mapambo. Kubeba watoto watano, mama yao na bibi yao ni haja, hapana shaka. Lakini Prado nyingi huchukua watu 7, dereva akiwamo, na viti vya nyuma vikishainuliwa, mahali pa mizigo hubaki padogo. Toyota Noah, ambalo bei yake ni ndogo zaidi, huchukua watu 7 au 8 kwa injini ya kiasi cha lita 2. Prado nyingi zina injini ya lita 2.7 na kuendelea, na uzito wake umepita tani 2. Lile Land Cruiser la V8 limepita tani 2 na nusu. Basi kwa hesabu ya viti peke yake, sababu ya kwanza haikuleta Prado. Imeleta gari la viti vingi.

Ama njia mbovu, hiyo ni sababu ya kweli kwa aendaye kila wiki. Magari haya asli yake yalitengenezwa kwa kazi ngumu. Land Cruiser la kwanza lilitoka Japani mwaka 1951, gari gumu lisilo mapambo. Hata Range Rover, lilipotoka mwaka 1970, ndani yake lilitengenezwa hivi kwamba mkulima aweze kuliosha kwa mpira wa maji. Nilimuuliza: "Huenda shambani mara ngapi?" Akasema: "Mara mbili kwa mwaka, Maalim." Tukacheka sote wawili. Na mama yake mwenye magoti mabaya, gari lililoinuka juu kwake ni ngazi ya kuparamia, si raha. Mimi nayajua hayo kwa magoti yangu mwenyewe.

DENI

Kisha nikamuuliza atalilipaje. Fedha taslimu alikuwa nayo nusu. Nusu ya pili alishauriwa aikope.

Ama mkopo wa riba, hapo hapana mazungumzo. Anayejua uharamu wake na akaingia, asitafute sheikh wa kumfungulia mlango wa nyuma. Tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki za Kiislamu ambazo hununua kitu kisha zikamuuzia mtu kwa faida inayojulikana, na mlango huo uko wazi kwa mwenye haja. Lakini nawakumbusha ndugu zangu: deni la halali nalo ni deni. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na dinari chache za watu shingoni mwake, asimsalie mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile. Yule maiti hakuwa amekopa kwa haramu. Alikuwa amekufa kabla ya kulipa, basi.

Tena gari hununuliwa mara moja, lakini hulishwa kila siku. Liko na petroli yake au dizeli, bima, mipira, na vipuri ambavyo fundi akivitaja bei unashika kichwa. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililopita miaka 8, wengi huona wakilipata la miaka 7 wamepata bahati, wakasahau kwamba gari kubwa likizeeka haliwi dogo kwa gharama. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Nimewaona wenye magari ya fahari mlangoni na karo ya watoto haijalipwa, na dada yao mjane hajatazamwa tangu Idi. Huyo hata kama gari lake ni halali, ametanguliza pambo mbele ya wajibu.

KIPANDO KINACHOMPANDA MPANDAJI

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyeona haya. Watu wetu hawana mchezo katika kutoa majina. Baada ya uhuru waliwaita wakubwa wapya "Wabenzi", kwa ajili ya magari yao ya Mercedes-Benz. Na ndugu zetu wa Tanzania magari haya makubwa wameyaita "mashangingi", jina lile lile wanalompa mwanamke apendaye makuu. Jina la utani halitoki bure. Watu wameona kitu.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokwenda Sham, aliletewa farasi wa namna waliyoipanda wakubwa wa huko. Alipompanda, farasi akawa anatembea kwa madaha. Umar akateremka papo hapo, akataka arudishiwe kipando chake cha kwanza, kwani alihisi nafsi yake imeanza kugeuka. Angalia, huyu ndiye Umar, amiri wa Waislamu, na hatua chache tu zilimtosha kuingiwa na khofu ya nafsi yake. Wala hakusema kwamba farasi yule ni haramu kwa watu wote. Alisema juu ya moyo wake.

Sisi tunampandisha mtoto wa miaka 9 juu ya kipando cha madaha kila asubuhi, kisha tunashangaa anapowatazama wenzake kutoka juu. Na tukimnunulia gari ili asione haya ya tuktuk, tumemponya haya au tumemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuona haya? Maradhi yale dawa yake si gari. Dawa yake ni baba kupanda naye tuktuk siku moja, amsalimie dereva kwa jina lake, amwambie mwanawe: huyu ni Muislamu mwenzako atafutaye halali.

SALAMA YA NANI?

Ilibaki sababu ya salama, na hiyo nilikuwa tayari kuikubali. Lakini mjukuu wangu alinisomea jambo lililonizuia. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Insurance Institute for Highway Safety ilitoa uchunguzi wa karibu ajali 18,000 za watu waliogongwa wakienda kwa miguu. Iliona kwamba gari ambalo boneti yake imepita inchi 40 kutoka ardhini huelekea kumuua agongwaye kwa kiasi cha asilimia 45 zaidi kuliko gari ambalo boneti yake ni ya inchi 30 au chini yake na imeinama.

Inchi 40 ni kama mita moja. Hicho ndicho kimo cha mtoto wa miaka minne. Basi fikirini vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, ambamo watoto hutoka chuoni wakikimbia, juzuu kwapani, na milango inafungukia njiani. Dereva aliye juu huona mbali sana, ila haoni kilicho karibu na miguu yake. Na mara nyingine huyo asiyeonekana ni mtoto wa mwenye gari mwenyewe, katika ua wake mwenyewe. Kuwalinda wanao ni wajibu. Lakini kanuni ya sheria yetu ni kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Anunuaye salama ya wanawe na ajue kama hakuwapunguzia watoto wa jirani salama yao. Na ikiwa ameshalinunua, basi mwendo wake mitaani uwe wa pole, na kabla ya kurudi nyuma ateremke atazame.

HAKI YA KITI KITUPU

Nimeliweka la mwisho lile lililonisumbua zaidi, nalo linanikhusu mimi.

Katika hadithi ya farasi watatu imetajwa haki ya mgongo wa farasi. Baadhi ya wanavyuoni wameifasiri haki hiyo kuwa ni kumbeba asiye na kipando. Na katika Sahihi Muslim, Abu Said al-Khudri (R.A.) amesimulia kwamba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), akatokea mtu juu ya mnyama wake akigeuza macho kulia na kushoto. Mtume akaamrisha kwamba aliye na kipando cha ziada ampe asiyekuwa nacho, na aliye na chakula cha ziada vivyo hivyo. Akaendelea kutaja aina za mali mpaka Masahaba wakaona hapana hata mmoja wao mwenye haki ya kushikilia ziada.

Siku ile ya maziko niliyokumbushwa na kijana, tulikuwa watu wanne katika gari la watu 7. Viti vitatu vya nyuma vilikuwa vitupu. Nilipopanda mbele ya msikiti nilimwacha bibi mmoja mtu mzima, ambaye kwa miaka amekuwa akiifagia madrasa yetu, yuamalizia baraza. Nyumba yake iko ng'ambo ya Likoni, kando ya barabara ile ile tuliyokuwa tukienda. Sikumwambia neno. Katika kivuko waendao kwa miguu huvuka bure na magari hulipa, na magari hungoja safu. Basi tulipofika ng'ambo, yeye alikwisha kutangulia. Nilimwona akipanda mlima wa Likoni katika jua la alasiri, amefunga saumu, furushi kichwani. Ndani ya gari palikuwa na ubaridi. Vioo ni vyeusi, unamwona mtu na yeye hakuoni. Nilifungua kinywa nikakifunga. Nilijiambia: gari si langu. Nikajiambia: tunawahi maziko. Tukampita.

Baada ya kuyasoma haya yote, nilikwenda kumtaka radhi. Akanicheka kwa upole. "Nilijua umo, Maalim," alisema. "Nilikuona ukipanda msikitini. Nikasema, Maalim hakuniona, maana vioo vile ni vyeusi."

Ndugu zangu, nilitamani angenilaumu. Alinitafutia udhuru, na udhuru wenyewe haukuwa wa kweli. Gari si langu, deni si langu, fahari si yangu, na hata hivyo sehemu ya mzigo ule nimeibeba mimi, kwa sababu ya neno moja nisilolisema: simamisha.

JAWABU

Basi jawabu yangu kwa kijana ni hii. Gari kubwa la nyumbani si haramu kwa dhati yake. Lakini kabla ya kulinunua, mtu ajiulize mambo manne. Je, lau hapana mtu mtaani atakayeliona, ningelitaka hili hili? Je, nikifa kesho, litawaachia watoto wangu kipando au deni? Je, wote wenye haki juu yangu, wazazi, mke, watoto, jamaa na mafakiri wa zaka yangu, wamekwisha kupata chao? Na je, kiti kitakachobaki kitupu nitampakia nani?

Atakayejibu manne haya kwa nafsi safi, na anunue alitakalo, na asijali maneno ya watu. Huenda likawa sitara kwake, na siku ya kumpeleka mja mzito wa jirani hospitali usiku wa manane likawa ujira. Na asiyeweza kuyajibu, hata akinunua Noah, hata akinunua baiskeli, ataufikisha nyumbani mzigo ule ule. Kwani kiti kitupu kimo katika Noah pia, na jicho la dharau laweza kukaa juu ya baiskeli.

Nilipomsomea, aliuliza: "Kwa hiyo, Maalim, ninunue au nisinunue?" Nikamwambia: "Mwanangu, manne hayo sina ufunguo wake. Uko kifuani mwako." Mpaka naandika haya hajanunua. Alichonieleza ni kwamba Jumatatu alipanda tuktuk pamoja na mwanawe mpaka langoni, na mtoto alinuna njia nzima.

Ama mimi nimejiwekea nadhiri ndogo: sipandi gari la mtu yeyote, dogo wala kubwa, ila nitamwomba ateremshe kioo cha upande wangu tukipita mitaani, ili nionekane na watu, na nisipate tena udhuru wa vioo vyeusi.

Mwenyezi Mungu atupe vipando vya kheri, atulinde na shari ya nafsi zetu juu ya migongo yake, atulipie madeni yetu kabla ya mauti, na asitufanye katika wale waliowapita waja wake njiani huku wakiwaona. Amin.